Fumbo, Dongo na Yale Ambayo Wimbo Hausemi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha Kiswahili kwa wageni, na pia kwa vijana wetu waliozaliwa ughaibuni ambao wanaelewa lugha ya jikoni lakini wimbo unawapita juu ya kichwa. Kila nikileta wimbo darasani, maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na machache ninayoulizwa na watu wa nyumbani, ambao nao hawaelewi kila kitu, ila wao huona aibu kuuliza.

Fumbo na dhana iliyojificha si kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya utapotea mapema. Fumbo mtunzi amelificha kwa mkono wake. Anajua anamsema nani, anajua kwa nini hamtaji, na anategemea mlengwa aelewe huku wengine wakibaki kukisia. Wahenga walishasema, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataling'amua.

Dhana, yaani lile tunalolichukulia kuwa kweli bila kulisema, hakuna aliyeificha. Imo ndani ya wimbo kama chumvi ndani ya mchuzi. Huioni, na huistukii, kwa sababu wewe na mtunzi mmekula chungu kimoja tangu utotoni. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: ukitaka kufumbua fumbo, muulize mtu wa mtaa ule, ukitaka kuona dhana, muulize mgeni.

Nipe mfano wa dhana ambayo wenyewe hatuioni.

Chukua "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliutoa kwenye sahani mwanzoni mwa miaka ya 1960 (nani hasa aliutunga ni ugomvi mwingine, siuingilii), na tangu hapo umeimbwa na dunia nzima, akiwemo Miriam Makeba. Sisi tunaujua kwa moyo: pesa zasumbua roho yangu, nashindwa na mali sina we, ningekuoa Malaika.

Mwaka mmoja nilikuwa naufundisha, nikaridhika na somo langu, mpaka mwanafunzi kutoka Ujerumani akanyoosha mkono. "Mwalimu, mali ya nini? Kwani anamnunua?" Darasa likacheka. Mimi nikajikuta sina jibu la haraka.

Tazama wimbo wote. Neno mahari halimo. Wazazi wa msichana hawamo. Mshenga hayumo. Lakini hakuna Mswahili anayeusikia bila kuwaona wote wamekaa ukumbini wakisubiri. Tumeshapokea kwamba ndoa huanza na mali, kwamba mali hiyo hutoka upande wa mwanamume, na kwamba asiyekuwa nayo hana haja hata ya kwenda kubisha hodi. Kijana haelezi lolote kati ya hayo. Angeeleza, wimbo ungekufa.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona kwa miaka mingi. Sikiliza "ningekuoa". Hiyo -nge- inasema kizuizi ni kimoja tu, pesa. Pesa zikipatikana, ndoa imekwisha. Malaika hakuulizwa. Hakuna ubeti ambao yeye anasema "nami nakutaka". Tunachukulia kwamba anataka, kwa sababu anayeimba anatia huruma na sauti yake ni tamu. Nimeshajiuliza mara nyingi kama Malaika mwenyewe alikuwa na habari.

Na kitenzi chenyewe kina mzigo wake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamke akisema "nimemuoa fulani", ama anatania, ama anamvunjia mumewe heshima mbele za watu. Dhana hiyo haikuletwa na mtunzi. Aliikuta ndani ya lugha, akaitumia kama sote tunavyoitumia.

Sasa mbona unapigwa harusini, na ni wimbo wa mtu aliyekosa kuoa?

Kwa sababu una neno malaika, unakwenda taratibu, na bi harusi anaingia nao vizuri. Watu wengi husikiliza kiitikio tu. Nimeacha kuwasahihisha wenye harusi. Chakula kilishakuwa tayari na gari la picha linasubiri.

Nikisikiliza taarab sijui kama anayeimbwa ni mwanamume au mwanamke. Tatizo ni langu?

La, ni raha ya lugha. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Amenitenda, amenisahau, amerudi kwao: ni nani? Mtunzi akitaka kukaa kimya, sarufi inamsaidia. Isitoshe, mashairi mengi ya taarab yametungwa na wanaume na kuimbwa na wanawake, kwa hiyo hata "mimi" wa wimbo si lazima awe huyo unayemwona ameshika kipaza sauti.

Sasa ongeza wanyama. Paka ndani ya wimbo anachukua a- kama mtu. Paka ameingia, paka amekula, paka hana shukrani. Unaweza kuimba beti nne nzima na hakuna kiambishi hata kimoja kitakachokusaliti. Mwenye paka atajua kwamba ni paka, na mwenye jirani atajua kwamba ni jirani. Njiwa vilevile, kipanga vilevile.

Lakini mtunzi akichagua ua au embe, mambo yanabadilika. Sasa ni limechanua, limeiva, limechumwa, limenyauka. Yule mpenzi amehama kutoka ngeli ya watu kwenda ngeli ya vitu, na vitu hushikwa, huchumwa, huliwa, hutupwa. Mtunzi alidhani anachagua picha nzuri tu. Kumbe pamoja na picha amechukua wazo zima kwamba mmoja ni wa kuchuma na mwenziwe ni wa kuchumwa. Hapo ndipo fumbo na dhana hukutana, na hapo ndipo mimi husimamisha wimbo na kuurudisha nyuma.

Kuna kamusi ya mafumbo? Paka maana yake hivi, dafu maana yake vile?

Hakuna, na anayekuuzia anakutapeli. Fumbo hutegemea nani anaimba, wapi, na juzi kulitokea nini.

Bi Kidude, ambaye jina lake ni Fatuma binti Baraka, alikuwa akiimba juu ya muhogo wa Jang'ombe. Jang'ombe ni mtaa wa Unguja, na muhogo ni muhogo. Ndani yake mna methali ambayo kila mtu anaijua: usitukane wakunga na uzazi ungaliko. Mwanafunzi akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama muhogo ni kile anachodhani. Nikamwambia atazame nani anaimba. Bi Kidude alikuwa mtu wa unyago, aliyewafunda wari mambo ya ndani kwa ngoma na nyimbo. Kinywani mwa mwanamke wa namna hiyo muhogo si lazima uwe wa kuchemsha. Wimbo uleule akiuimba mtoto wa shule kwenye tamasha, tunarudi sokoni.

Mfano wa karibu zaidi ni "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Nyegezi ni mahali pa kweli, kuna stendi ya mabasi pale, na mtu akikwambia anakwenda Nyegezi humtazami vibaya. Ila ukilitamka jina hilo kwa madaha ukaibana silabi ya mwisho, kinachobaki si jina la stendi. Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo huo Novemba 2018. Maoni yangu: mabibi wengi waliokuwa wakiucheza bila wasiwasi walijua maana yake siku ulipofungiwa.

Nitajuaje kama wimbo unanisema mimi?

Kwa maneno peke yake huwezi kujua. Tazama watu.

Taarab ya harusi ina kitu kinaitwa kutunza. Mwimbaji anaimba mashairi ambayo ukumbi mzima unayajua. Ukifika ubeti fulani, mwanamke anainuka na noti mkononi. Haendi jukwaani moja kwa moja. Anazunguka. Anapita karibu na meza fulani, anacheza taratibu, noti ameiinua juu, shingo imegeuka kidogo tu, macho yametua mahali kisha yakaondoka. Ndipo anakwenda kumtunza mwimbaji, na kurudi kukaa kama hakuna kilichotokea. Hakusema neno. Wimbo ni wa mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, lakini dongo ni lake.

Mara ya kwanza kuliona hili nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi, kwenye harusi Tanga. Shangazi yangu aliinuka mara tatu, na mara zote tatu kwa ubeti uleule, na mara zote tatu njia yake ilipita kwenye meza moja. Nikamuuliza mama kwa nini shangazi asipite njia ya katikati iliyokuwa wazi. Mama akaniambia nile pilau yangu.

Uzuri wa silaha hii ni kwamba haina ushahidi. Ukimwendea mtu ukamwambia "ulinisema", atakujibu alipenda wimbo. Na wewe uliyekwenda kulalamika umeshajitaja mwenyewe mbele ya watu.

Mipasho nayo ni fumbo?

Ni fumbo lililovuliwa nguo hadi kubaki na kanga moja. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa na ushindani wa Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis "Kidogo" wa kundi la Muungano, na watu walikwenda ukumbini kusikia nani kampasha nani. Majina hayakutajwa, lakini hakuna aliyehitaji kutajiwa. Wazee wa taarab asilia walilalamika kwamba adabu imekwisha. Mimi nadhani walichokikosa ni raha ya kuchelewa kuelewa. Taarab ya zamani ilikuchoma ukiwa umeshafika nyumbani, umevua viatu.

Na kwa kuwa nimetaja kanga: maandishi yake huitwa jina, na hufanya kazi hiyohiyo. Mwanamke ananunua kanga, anaivaa, anapita mbele ya mlango wa mtu. Ukiona doti imevaliwa siku tatu mfululizo, soma jina.

Ni maneno gani madogo niyatazame nikitaka kuona dhana?

Hapa ndipo ningependa kukaa kutwa nzima.

Anza na "tena". Mwimbaji akisema "sitakuamini tena", amekwambia kwamba aliwahi kukuamini, na hilo hakulisema kama hoja, kwa hiyo huwezi kulipinga bila kuonekana mgomvi. "Bado" hufanya hivyohivyo: "bado unanipenda?" ni swali moja lenye madai ndani yake. "Hata" ni mchokozi zaidi. "Hata wewe umenicheka" ina maana kwamba wengine walishacheka, na kwamba wewe ulikuwa wa mwisho kutarajiwa. "Umerudi" inajua kwamba uliondoka. "Ndiwe uliyeniponza" haiulizi kama niliponzwa. Inamtafuta tu mwenye kosa.

Kirejeshi, kile kiungo kinachosimama badala ya "ambaye" au "ambalo", ndicho hatari kuliko vyote. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akaja kuwa mwimbaji mkubwa wa Unguja na kurekodi sahani Bombay mwaka 1928, ana wimbo maarufu kuhusu mtu aliyeitwa Kijiti. Ni kisa cha mwanamke mgeni aliyechukuliwa akiwa mzima na kurejeshwa maiti; mtuhumiwa akavuka kwenda bara, na walioishia kuadhibiwa wakawa mashahidi. Wimbo unaanza kwa kuwaita watu: tazameni alofanya Kijiti. Sikiliza sarufi. Siti hasemi "Kijiti ameua". Angesema hivyo, mtu angeweza kujibu "una uhakika?" Anasema tazameni alofanya. Kama alifanya au hakufanya, hilo limefungwa kabla sentensi haijaanza. Lililobaki ni kutazama tu. Mahakama ilishindwa kumtia hatiani. Kirejeshi kimoja kimemtia, na hukumu hiyo inaimbwa mpaka leo.

Mwalimu wangu wa sarufi angejua kwamba o-rejeshi inaweza kufanya kazi ya hakimu, pengine angeifundisha kwa furaha zaidi.

Wimbo wa siasa: mtunzi anafumba kwa hofu au kwa ufundi?

Vyote viwili, na mara nyingi hofu ndiyo mwalimu wa ufundi. Ila si kila mara. Eric Wainaina alipoimba juu ya nchi ya kitu kidogo, hakuficha lolote: Mkenya yeyote aliyesimamishwa barabarani anajua kitu kidogo ni nini. Utamu uko kwenye mstari unaomwambia anayetaka chai aende Limuru. Limuru ni kwenye mashamba ya chai. Kwa hiyo mwimbaji anajifanya hakuelewa. Anaichukua tafsida ya mla rushwa, yaani neno lake la kupunguza ukali, anaielewa kama ilivyo, na kumrudishia. Fumbo limefumbuliwa kwa kukataa kulifumbua.

Professor Jay kwenye "Ndio Mzee" alitumia njia nyingine. Aliyeshika kipaza sauti ni mgombea anayeahidi miujiza, na umati unaitikia ndio mzee, ndio mzee. Hakuna mahali wimbo unasema huyu ni mwongo. Unaachiwa wewe. (Mwimbaji mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na nadhani kuna watu waliomwitikia vilevile.)

Na tazama jina la wimbo wa Nay wa Mitego, "Wapo". Neno moja, ngeli moja, mahali fulani. Wapo akina nani? Mwimbaji anadai tu kwamba wako, na masikio yako yanaanza kuhesabu watu. Machi 2017 alikamatwa, wimbo ukafungiwa, kisha baada ya muda mfupi sana akaachiwa na kuelezwa kwamba Rais ameupenda, upigwe. Kila mmoja aliusikia akiamini kwamba waliosemwa ni wengine.

Tafsida ni fumbo?

Ni binamu yake. Remmy Ongala alipotaka kuwahimiza watu watumie kinga dhidi ya Ukimwi alisema soksi, mambo kwa soksi. Hakuna aliyetazama miguu. Tofauti na fumbo ni kwamba tafsida haimlengi mtu. Inamfunika kila aliyepo ili baba na binti waweze kusikiliza redio moja. Hata hivyo soksi zilionekana nyembamba mno, na redio ikaukwepa wimbo.

Msikilizaji anaweza kuupa wimbo maana ambayo mtunzi hakuwa nayo?

Kila siku. "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilikuwa ya vijana wawili wa Nairobi wanaosema hawatishiki. Neno bwogo ni la Kijaluo, kutisha. Uchaguzi wa Kenya wa 2002 ukaja, muungano wa upinzani ukaudaka, na ghafla "nani anatutisha" ilikuwa na anwani ya ikulu. Maneno hayakubadilika hata moja.

Kwa nini watu wa Mombasa wanacheka wimbo wa "Jambo Bwana"?

Kwa mapenzi wanacheka. Them Mushrooms walikuwa wakipiga kwenye hoteli za pwani, na mwaka 1982 wakautoa. Ukitaka kujua dhana ya wimbo, uliza: unaongea na nani? Sisi kwa sisi tunasema hujambo, sijambo, shikamoo, marahaba. "Jambo" tupu ni salamu ya mtu tunayemhurumia ulimi. Kwa hiyo kabla hata ya "wageni mwakaribishwa", neno la kwanza limeshakwambia kwamba wewe unayesikiliza umeshuka kwenye ndege. Na hiyo "hakuna matata", mwaka uleule ambao Nairobi ilishuhudia jaribio la mapinduzi mwezi Agosti, inakubali kimyakimya kwamba mgeni alikuwa na wasiwasi. Huwezi kumwambia mtu usiogope kama hukuona anaogopa.

Nikitafsiri wimbo, niandike lililosemwa au lililomaanishwa?

Andika lililosemwa. Ukiandika "mke mwenza mwenye wivu" mahali palipoandikwa "paka", umemfichua mtu ambaye mtunzi alimficha, na pengine umemkosea. Mwache paka awe paka. Ugumu uko kwenye "yeye": lugha nyingi za Ulaya zitakulazimisha uchague mwanamume au mwanamke. Mimi huhamisha maneno kwenda nafsi ya pili, "wewe", pale inapowezekana.

Nyimbo za zamani zimejaa dhana mbaya kuhusu wanawake. Niache kuzisikiliza?

Mimi sijaacha. Nazisikiliza nikipika, na nikifika kwenye ubeti unaomlaumu msichana wa shule kwa kuukataa ukulima wa baba yake, nabishana na redio. Vijana wa leo wanaodhani bongo fleva yao ni safi wahesabu ni nyimbo ngapi ambazo mwanamume "anahonga" na mwanamke "anakula", kisha tuzungumze.

Mwanangu ananiuliza maana ya nyimbo tukiwa ndani ya daladala, watu wanasikia. Nimjibu nini?

Mjibu lililosemwa: hilo ni embe, mwanangu, na hiyo ni stendi ya Mwanza. Abiria watakuunga mkono kwa kutazama dirishani. Akiendelea, mnunulie karanga. Mimi niliambiwa nile pilau, na ilichukua miaka minne hivi kabla sijajua kwamba kwenye ile meza alikuwa amekaa mke wa kwanza wa mume wa shangazi.